Kiti cha Bodi ya Mabasi Kinapatikanaje? Niliyowaambia Ndugu Zangu wa Aurora

Hotuba kwa wakazi wanaozungumza Kiswahili, Aurora, Colorado, Septemba 2024

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nawashukuru kwanza mliokuja moja kwa moja kutoka kazini. Naona wengine bado mna vitambulisho shingoni, na wapo tulioshuka pamoja na basi la 15 hapo barabara ya Colfax. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, Kigoma. Wengi wenu mlipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kufika huku, kwa hiyo tulikuwa majirani hata kabla hatujajuana. Naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza jirani.

Miezi michache iliyopita nilikaa na mama mmoja kwenye basi. Alikuwa ameshika kadi yake ya nauli ya mwezi, anaigeuzageuza mkononi. Akaniuliza, "Mwanangu, hii bei huwa anapanga nani?" Nikamwambia, wanapanga wajumbe wa bodi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hao wajumbe wanawekwa na nani?" Nikamjibu, "Unawaweka wewe, mama, kama umeshakuwa raia." Alinitazama muda mrefu. Uraia alikuwa nao, miaka mitatu sasa. Karatasi ya kura ilikuwa imefika nyumbani kwake mara mbili. Jambo hili hakuna aliyewahi kumwambia.

Nimekuja kulisema hilo, ili asibaki mtu humu ndani ambaye hajaambiwa.

Mabasi na treni tunazopanda ziko chini ya RTD, mamlaka ya usafiri wa umma ya Denver na miji inayoizunguka. Bunge la Colorado liliianzisha mwaka 1969. Eneo lake ni kubwa. Linagusa kaunti 8, kuanzia Boulder na Longmont upande wa kaskazini hadi Douglas upande wa kusini, na lina wakazi zaidi ya milioni 3. Fedha zake nyingi hazitoki kwenye nauli, zinatoka kwenye kodi ya mauzo. Ukinunua viatu vya mtoto hapa Aurora kwa dola 100, dola 1 ya kodi inakwenda RTD. Hata asiyepanda basi anachangia. Hata asiye raia anachangia. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Juu ya mamlaka hiyo kuna bodi ya wajumbe 15. Hao ndio wanaoajiri mkurugenzi mkuu, wanapitisha bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, wanapiga kura njia gani iongezwe na ipi ipunguzwe, na wanapanga nauli. Julai 2023 walipitisha nauli mpya. Kadi ya mwezi ikashuka kutoka dola 114 hadi 88, ikaanza kutumika Januari mwaka huu. Nyumba yenye watu wazima wawili wanaopanda basi kila siku imepata nafuu ya dola 52 kwa mwezi. Hapa Aurora hiyo ni mchele wa mwezi na chenji inabaki. Na watoto wetu, tangu Septemba 2023, wamekuwa wakipanda bila kulipa. Hayo yote yaliamuliwa kwa kura za watu 15 mezani.

Sasa, watu hao 15 wanapatikanaje?

Eneo lote limegawanywa sehemu 15, na zimepewa herufi kuanzia A hadi O. Naziita kata, ingawa kila moja ina watu karibu laki mbili. Kila kata inachagua mjumbe mmoja. Anakaa miaka minne, na hawezi kukaa zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Uchaguzi unafanyika Novemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na viti havitoki vyote kwa pamoja. Karibu nusu vinagombewa mwaka huu, vingine miaka miwili baadaye, ili bodi isije ikabaki na wageni watupu. Baada ya kila sensa, mipaka ya kata inachorwa upya ili idadi ya watu ilingane.

Anayetaka kugombea si lazima awe msomi wa reli. Awe mpiga kura aliyejiandikisha, awe anaishi ndani ya kata ile, na akusanye saini halali 250 za wapiga kura wa kata hiyohiyo. Hakuna chama kinachoandikwa mbele ya jina lake. Malipo ya mjumbe ni dola 12,000 kwa mwaka, yaani elfu moja kwa mwezi. Hakuna anayeishi mji huu kwa elfu moja, kwa hiyo wajumbe wengi wana kazi nyingine au wamestaafu.

Saini 250. Fikirini ukumbi huu. Harusi zetu zina watu wangapi? Misiba yetu je? Mzee akifariki hapa Aurora, kabla ya mazishi tunapitisha daftari la michango na kwa siku nne majina yanazidi mia nne. Kazi ya kukusanya majina tunaijua kuliko watu wengi wa mji huu. Tofauti ni kwamba daftari letu halina sharti la uraia, na lile lina.

Na mjumbe akifariki, akijiuzulu au akihama kata? Hapo wananchi hawapigi kura. Kama kata iko Denver, meya anateua mtu na baraza la jiji linamthibitisha. Kama iko nje ya Denver, wanateua makamishna wa kaunti. Sisi wa Aurora mji wetu umegawanyika, sehemu kubwa iko kaunti ya Arapahoe, nyingine Adams, na kipande kidogo Douglas. Kwa hiyo majirani wawili wanaopanda basi moja wanaweza kuwa na makamishna tofauti. Nalisema kwa sababu kiti kikiwa wazi katikati ya kipindi, barua yako inatakiwa iende kwa hao makamishna. RTD haiwezi kukusaidia kwa hilo.

Utaratibu huu si wa Marekani yote. New York, bodi ya MTA, mamlaka ya usafiri wa umma ya kule, haina hata mjumbe mmoja aliyepigiwa kura na abiria. Gavana anapendekeza sita akiwemo mwenyekiti, meya wa jiji anapendekeza wanne, kaunti za pembeni zinapendekeza wa kwao, na seneti ya jimbo ndiyo inayothibitisha. Kaunti nne za mbali zina wajumbe wanne lakini kura moja, kila mmoja ana robo. Chicago, bodi ya CTA, mamlaka ya mabasi na treni za mji huo, ni watu saba, wanne wa meya na watatu wa gavana. Los Angeles wanaokaa mezani ni viongozi waliochaguliwa kwa kazi nyingine, wasimamizi wa kaunti, meya wa jiji na wawakilishi wa miji midogo. Na kule nyumbani mnajua, mwenyekiti wa bodi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini Tanzania, anateuliwa na Rais, na wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya, vilevile. Bodi ya usafiri inayochaguliwa na wananchi wenyewe ni chache sana. Ipo ya treni za BART za eneo la San Francisco, yenye wajumbe tisa. Na ipo hii yetu.

Nayo haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani bodi ya RTD ilikuwa na wajumbe 21, wote wa kuteuliwa. Nataka niwapeleke mwaka 1978, kwa sababu kuna jambo lilitokea barabarani kwetu, Colfax hiihii, pale inapokutana na Broadway katikati ya Denver. Tarehe 5 Julai walikuja watu 19 wenye viti vya magurudumu. Walikuwa vijana, wengi wao walikuwa wametolewa kwenye nyumba za kulelea wagonjwa. Mabasi ya wakati ule hayakuwa na lifti, ngazi tu. Mtu wa kiti cha magurudumu aliangalia basi likisimama, likifunga mlango, likiondoka. Siku ile wakaingia barabarani na viti vyao, wakazunguka mabasi mawili, mbele na nyuma, yasiweze kutoka. Wakawa wanaimba neno moja, "Tutapanda! Tutapanda!" Usiku ukaingia, wakalala hapohapo kwenye lami. Asubuhi bado walikuwepo.

Denver ikaja kuwa miongoni mwa miji ya mwanzo Marekani kuweka lifti kwenye mabasi yake ya kawaida. Leo dereva wa basi la 15 akibonyeza ule ubao ukateremka taratibu hadi ukingo wa barabara, mama mwenye kigari cha mtoto naye anapita hapohapo, na hajui anawadai nani shukrani. Pale kwenye kona kuna bamba lenye majina yao 19. Nimelisoma mara nyingi nikisubiri taa.

Nawaza hivi: wale watu hawakuwa na mjumbe wa kumnyima kura. Bodi iliteuliwa na wakubwa, nayo iliwajibika kwa wakubwa. Walichokuwa nacho wao ni barabara na miili yao. Miaka miwili baadaye, 1980, wapiga kura wa Colorado wakaamua kwa kura kwamba wajumbe wa RTD wachaguliwe na wananchi, na wawe 15. Uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1982. Wale 19 hawakuwa wakidai uchaguzi, walidai lifti, na sisemi jambo moja lilizaa lingine. Ila mkisimama kwenye ile kona mtaelewa kwa nini mimi nauthamini mlango huu wa kura. Kuna watu walilala barabarani kwa kuwa haukuwepo.

Wapo wanaotaka kuubadilisha, na hoja zao si za kupuuza. Mwaka huu uleule wa 2024 ulipelekwa mswada katika bunge la Colorado wa kupunguza wajumbe wa kuchaguliwa na kuingiza wa kuteuliwa na gavana. Wanasema 15 ni wengi mno, wananchi hawawajui, na anayeendesha fedha nyingi kiasi hiki anatakiwa awe na utaalamu. Mswada haukuwa sheria. Lakini hoja ya kwamba hatuwajui, jamani, nani hapa anaweza kuikataa? Nyoosheni mkono mnaomjua mjumbe wa kata yenu.

Mikono mitatu. Ukumbi una watu zaidi ya mia.

Mimi nabaki upande wa kura. Mteule anamjua aliyemteua, na siku aliyemteua akiondoka, naye anaondoka. Aliyepigiwa kura analazimika kurudi kwenye kata yake kila baada ya miaka minne. Ila analazimika kurudi kwa nani? Hapo ndipo penye kidonda. Kata zimegawanywa kwa idadi ya wakazi. Hazijagawanywa kwa idadi ya abiria. Kata ya kusini ambako kila nyumba ina magari matatu ina kura moja mezani, sawasawa na kata ambayo Colfax inapita, yenye njia ya basi inayobeba watu wengi kuliko zote. Na hilo ni haki, kwa sababu nao wanalipa kodi. Watu wa Longmont wanalipa tangu 2005 kwa ajili ya treni iliyoahidiwa, na treni hiyo imeishia Westminster. Wana haki ya kumtuma mtu akaiulizie kila kikao, na wanamtuma kweli. Mjumbe wa upande ule hawezi kulala bila kusikia habari ya treni.

Sisi tunamtuma nani akaulizie basi la 15?

Nitawaonyesha karatasi ya kura ya miaka miwili iliyopita. Hii niliyoshika ni mfano tu. Juu kabisa yako majina makubwa, wa Washington na wa jimbo. Hapo kila mtu anaweka alama, kwa sababu televisheni imeshatuchosha na majina hayo. Unashuka. Bunge la jimbo. Unashuka. Kaunti. Unageuza upande wa pili. Majaji, unaulizwa wabaki au waondoke. Katikati ya msitu huo kuna mstari mmoja: Mkurugenzi wa RTD, kata fulani. Huyo ndiye mjumbe wa bodi. Ndipo mkono unapochoka. Watu wanairuka. Na imekuwa kawaida katika kata kadhaa jina kuwa moja tu, mgombea anapita bila kupingwa, hata salamu hakulazimika kutuletea. Mgombea asiye na mpinzani na asiye na wapiga kura wanaomtazama hatakuwa mbaya kwa sababu hiyo, lakini atakuwa peke yake, na watu walio peke yao husikiliza wanaowafikia kwanza. Wanaowafikia kwanza wana muda mchana. Sisi mchana tunalala kwa ajili ya shifti ya usiku.

Sasa naomba tuangalie mambo ya kufanya, na nianze na onyo. Kama wewe si raia, usijiandikishe kupiga kura. Usitie saini fomu ya mgombea. Hata kama mtu mwenye tabasamu amekufuata dukani na kalamu, mwambie asante, mimi bado. Ndugu yangu mwenye grini kadi, kosa hilo laweza kukufungia uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Nalisema kwa uzito kwa sababu naipenda kura kuliko ninavyoweza kueleza, na bado nakuambia ngoja wakati wako.

Kwa raia: karatasi za kura zitaanza kutumwa kwa posta mwezi ujao, kila aliyejiandikisha anatumiwa nyumbani. Mkihama, badilisheni anwani, maana kata yako inafuata anwani yako na haifuati basi unalopanda. Ukijiandikisha au ukirekebisha anwani kabla ya Oktoba 28 kupita, utatumiwa kwa posta. Ukichelewa, bado unaweza kwenda kituoni mwenyewe hadi saa 1 usiku ya tarehe 5 Novemba. Jaza, weka kwenye bahasha, na tia saini nyuma ya bahasha, kwa maana kura isiyo na saini haihesabiwi mpaka uirekebishe. Mzee asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe, mwanawe, jirani, mtu wa msikitini au kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake na wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Anayesaidia asome yote, na aandike anachoambiwa.

Kwa wasio raia: mlango wenu ni kikao. Bodi inakutana kila mwezi, ofisi ziko namba 1660 mtaa wa Blake, Denver, na unaweza pia kuingia kwa simu au kwa video. Kuna muda wa wananchi kusema, dakika tatu kila mtu. Hakuna anayekuuliza pasipoti. Unataja jina, unasema unalosema. RTD inapokea fedha za serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza chombo kama hicho kumbagua mtu kwa asili yake, na lugha imo humo. Kwa hiyo ombeni mkalimani, ombeni mapema, kwa maandishi. Nilisema kodi mnayotoa msiisahau. Dola 1 katika kila 100 inawapa haki ya kusimama pale bila kuinamisha kichwa.

Na mkisimama, msiseme "huduma mbovu". Dakika tatu ni fupi. Semeni namba ya basi, kituo, saa, na lililotokea. Kwa mfano: natoka kazini uwanja wa ndege saa 7 usiku, nabadilisha treni pale kituo cha Peoria, na nasubiri kwa dakika kadhaa kwenye baridi. Andika dakika ngapi, kwa wiki mbili, kwenye kijitabu. Mjumbe anaweza kubisha na malalamiko. Kijitabu chenye tarehe na dakika kinamfanya amuulize mkurugenzi mkuu swali.

Wachimbaji wanaanza kazi Colfax mwaka huu, njia maalumu za mabasi ya haraka zinakuja. Vituo vitasogezwa, maduka yatazibwa na vumbi. Kwa miaka kadhaa, hao watu 15 watapigia kura mambo yanayopita mbele ya milango yetu.

Mwaka 2026 viti vingine vitakuwa wazi. Humu ndani wapo raia waliokaa kata moja miaka kumi, wanaozijua njia za basi kuliko ramani, wanaozungumza lugha nne. Sitataja jina la mtu leo, ila wapo ninaowatazama wakati nasema haya, nao wanajua.

Pale mlangoni kuna meza yenye ramani ya kata. Vijana wawili watakuuliza anwani yako tu, si jina lako wala karatasi zako, na watakuandikia herufi ya kata yako kwenye kipande cha karatasi. Kiweke pamoja na kadi yako ya basi. Basi la kurudi linapita saa 2 na dakika 20, kwa hiyo wenye maswali wasogee mbele sasa hivi, wazee kwanza.